USACO kwa mwanafunzi wa huku kwetu: sebuleni karibu, chumbani kuna wenyewe

Mzazi mmoja alinijia ofisini mwezi wa tatu, simu kaishika mkononi kama mtu anayepeleka ushahidi polisi. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa amempigia kwa simu ya matroni kumwambia kuwa kapanda daraja kwenye mashindano ya kompyuta ya Marekani. Mzee hakukaa na habari ile. Stendi nzima waliipata kabla ya chakula cha mchana. Sasa watu wanamdai ushahidi, naye kaja kunidai mimi: "Mwalimu, cheti kiko wapi?"

Cheti sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni ukurasa wa intaneti wenye orodha ndefu ya majina, na jina la kijana wake limebanwa katikati ya Wamarekani na Wachina, pembeni yake herufi tatu: TZA. Nikamwonyesha kwenye simu yangu. Akalikuza kwa vidole viwili, akalitazama, akanirudishia simu kwa macho ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Na hii si mtu yeyote anaweza kuiandika?"

Kwa hiyo naandika tathmini hii kwa ajili yake na kwa walimu wenzangu wanaoniuliza kila likizo kama USACO inafaa. Mimi ni mwalimu wa hesabu na kompyuta, sekondari ya bweni, mkoa wa Tanga. Klabu yetu ina wanafunzi 14. Maabara ina kompyuta 20, zinazowaka ni 11. Tumeshiriki misimu minne. Sijalipwa na mtu kuandika haya, na USACO wenyewe hawanijui.

USACO ni olimpiadi ya kompyuta ya Marekani: mshiriki anapewa swali, anaandika programu ya kulitatua, mashine inaisahihisha. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Don Piele wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Parkside, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikiongozwa na Brian Dean wa Chuo Kikuu cha Clemson. Kazi yake ya msingi ni kuwapata vijana 4 wa kuiwakilisha Marekani kwenye olimpiadi ya dunia, IOI. Hilo liweke akilini, maana mengine yote yanatokana nalo. Nyumba imejengwa kwa ajili ya watoto wa humo, ila mlango wa mbele hawaufungi: mtoto wa nchi yoyote anafungua akaunti bure, anafanya maswali yale yale, anasahihishwa na mashine ile ile.

Kila mtu anaanzia daraja la Shaba. Juu yake kuna Fedha, kisha Dhahabu, kisha Platinamu. Msimu huanza Desemba au Januari na kwisha Machi hivi. Dirisha la raundi hufunguliwa kwa siku chache, mara nyingi Ijumaa hadi Jumatatu. Kwenye madaraja ya chini unachagua mwenyewe saa ya kuanza, lakini ukishabonyeza, saa inakimbia na haikusubiri. Kwa kawaida ni maswali 3, saa 4, alama 1,000. Ukizoa zote 1,000 unapandishwa papo hapo na unaweza kufanya daraja la juu wikiendi ile ile. Usipozizoa unasubiri watangaze kiwango cha kupanda. Kushushwa hakupo.

Sasa ng'ombe. Karibu kila swali la USACO lina mkulima anayeitwa John na ng'ombe wake Bessie. Bessie anasoma, anacheza dansi, anarusha mawe, anagombana na wenzake kuhusu nani asimame wapi. Wanafunzi wangu wengine wametoka Handeni na Kilindi, kwao ng'ombe si hadithi. Mmoja alisoma swali, akainua mkono: "Mwalimu, huyu John ana ng'ombe laki moja, kawapanga mstari mmoja, na kila mmoja ana namba. Anawachunga na nani?" Darasa lilicheka dakika tano. Lakini yeye alikuwa ameshaliona jambo lenyewe bila kujijua: laki moja ndiyo kiini cha swali.

Nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha yenu (ambayo hamlipi) inapofanya kazi. Binti mmoja alikuwa anafanya swali la zamani la Fedha ambalo kwa haraka haraka linakutaka umlinganishe kila ng'ombe na kila mwenzake. Akaandika hivyo hivyo: kitanzi ndani ya kitanzi, yaani amri zinazojirudia ndani ya nyingine zinazojirudia. Ukituma jibu, ukurasa unakuonyesha visanduku vya rangi, kimoja kwa kila jaribio ambalo mashine inaipima nalo programu yako. Vyake vitatu vya mwanzo vikawa kijani, vilivyobaki vyote vyekundu, vina herufi t. Maana yake muda umekwisha. Akaniambia mashine imeharibika, mbona mwanzo ilikubali. Nikamwambia achukue kalamu. Laki moja mara laki moja ni hatua bilioni kumi. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C++ inapewa sekunde 2, kwa Python sekunde 4; hatua zote hizo haziishi humo. Alikaa na ile karatasi siku mbili, akaipeleka hadi bwaloni. Siku ya tatu akaja: "Kwani nikiwapanga kwanza kuanzia mdogo hadi mkubwa, si nitapita mara moja tu?" Akatuma. Kijani mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kuona kitabu cha kiada kinachomfundisha mtoto hilo kwa siku tatu, na mimi mwenyewe nisingeweza kulifundisha ubaoni likakaa kichwani namna ile.

Kuhusu mazingira yetu. Msimu wa pili umeme ulikatika dakika ya 70. Saa ya shindano haina habari na umeme wa Tanga. Vijana waliendelea kufikiri kwenye daftari kwa mwanga wa tochi, umeme ukarudi baada ya dakika 50 hivi, wakachapa walichoandika. Mmoja tu alipanda. Tangu hapo tunafanya alfajiri ya Jumamosi, saa 11, wakati mji umelala na bando halijagombaniwa.

Jingine ni uaminifu. Sheria zinakataza kusaidiana, kutafuta majibu mtandaoni, na kutumia akili bandia kuandika programu. Msimamizi hakuna, wanakuamini. Mimi naweka ndoo mlangoni, simu zote humo, pamoja na yangu. Tatizo letu ni zile kompyuta 11 kwa watoto 14: lazima zamu mbili, na wa zamu ya kwanza wameshayaona maswali. Bweni halina siri. Suluhisho nililolipata si la kisayansi: waliomaliza nawapeleka mtoni kufua mashuka hadi wenzao wamalize. Wanalalamika, ila mashuka yanatakata.

Sasa nije kwenye suala la nani anastahili, ambalo limenipa kazi kuliko ng'ombe wote wa John.

Fomu ya akaunti inauliza nchi yako na mwaka utakaomaliza sekondari. Kwa Mmarekani ni swali la sekunde mbili. Kwa Mtanzania ni fumbo. Kumaliza ni kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, au kidato cha sita mwezi wa tano? Msimu wa kwanza niliwaambia wote wajaze mwaka wa kidato cha nne. Kosa langu, nalikiri. Binti mmoja akamaliza kidato cha nne, akaenda kwao kusubiri matokeo, na raundi ya Januari akaifanyia kwenye intaneti kafe ya mjomba wake. Matokeo yalipotoka tukalitafuta jina lake kwenye orodha tukalikosa. Nikafikiri ameondolewa. Kumbe yumo, chini kabisa, kwenye orodha ya pili, ya watazamaji, pamoja na watu wazima wanaojifurahisha. Kwa fomu aliyoijaza, yeye alikuwa ameshahitimu. Alama zake zilikuwa zile zile, maswali yale yale, ila kasimama upande wa wasiohesabiwa. Siku hizi sheria ya klabu ni moja: anayekusudia kuendelea hadi kidato cha sita ajaze mwaka wa kidato cha sita, na fomu tunaijaza pamoja, mimi nimesimama nyuma yake.

Lakini fomu hiyo hiyo ina wema wake. Haiulizi umri. Nina mwanafunzi aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 9, kwa sababu shule ilikuwa mbali na mto ulikuwa katikati. Piga hesabu: akiwa kidato cha tano atakuwa na miaka 20. Olimpiadi ya dunia ya hesabu, IMO, inataka mshiriki awe chini ya miaka 20 na awe hajaanza chuo kikuu. Kwa hiyo kijana huyu mlango wa IMO utamfungia siku anapoanza kuiva. IOI nayo inataka mtu asiwe amezidi miaka 20 ifikapo tarehe 1 Julai, na awe alikuwa sekondari kwa sehemu kubwa ya Septemba hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Sheria hizi si za uonevu, mahali fulani lazima pawekwe mstari. Ila mstari wa umri unadhani watoto wote walianza shule siku moja. Na hata anayestahili kwa umri hukutana na kalenda: IMO kwa kawaida ni Julai, wetu wa kidato cha sita wamemaliza Mei, chuo bado, kwa hiyo kwa sheria wanaruhusiwa kabisa, lakini wengi wao Julai wako kambi za JKT.

Na kile chumba cha ndani? Kijana wa yule mzee aliniuliza mwenyewe, jioni, tukifunga madirisha ya maabara. "Mwalimu, nikifika Platinamu wataniita kambini?" Nikamwambia hapana. Kambi yao, wanakochaguliwa wale 4, ni ya wanaostahili kuiwakilisha Marekani, na hilo limeandikwa wazi, si herufi ndogo za chini ya mkataba. Nikamweleza pia kwamba IOI haimpokei mtoto mmoja mmoja. Inapokea nchi, nchi inaleta vijana hadi 4, na nchi mpya hutanguliza mwangalizi kabla ya kuleta timu. Hakuna alama utakayoipata ukiwa peke yako maabara ikakupeleka.

Akafunga dirisha la mwisho. "Kwa hiyo mimi nashindania nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia anashindania daraja, na kwamba akishalipata hakuna wa kumvua. Akaniuliza kama litabaki hata akimaliza shule. Nikasema litabaki. Akatikisa kichwa, akaenda prepo. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu au nilimfariji tu.

Niseme kwa nini pamoja na hayo bado naipenda. Mwaka mmoja kabla ya USACO tuliingia kwenye shindano jingine, la hesabu, la kampuni ambayo sitaitaja. Walitufikia kwa barua pepe nzuri yenye bendera za nchi nyingi. Shilingi 35,000 kwa kichwa, maswali 20 ya kuchagua. Tulipeleka watoto 12. Watoto 9 wakapata medali, na mmoja kati ya hao alilala nusu ya mtihani, nilimwamsha mwenyewe. Kuletewa medali yenyewe ikawa shilingi 20,000 nyingine. Cheti kilikuwa na maandishi ya dhahabu kumtaja mtoto kuwa mshindi wa kimataifa. Nikaandika kuuliza walioshiriki walikuwa wangapi, na mpaka wa medali ulikuwa alama ngapi. Jibu halikuja. Ilikuja ankara ya raundi inayofuata.

Wazazi walifurahi mno. Medali ziko kwenye kabati la kioo nje ya ofisi ya mkuu wa shule mpaka leo, na wageni wakija hupigwa picha hapo.

Sisemi kugawa medali nyingi ni dhambi. IMO yenyewe huwapa medali karibu nusu ya washiriki, dhahabu, fedha na shaba kwa uwiano wa 1:2:3, na asiyepata medali akilipatia swali moja kikamilifu, alama 7 kati ya 7, anapewa heshima ya kutajwa. Naipenda sana hiyo heshima ya kutajwa. Inamwambia mtoto wa nchi ndogo kwamba swali moja alilolimaliza limeonekana. Na shindano la Kangaroo, lililoanza Ufaransa mwaka 1991 kwa kuiga la Australia, lilikusudiwa tangu mwanzo liwafurahishe watoto wengi badala ya kuwachuja. Lakini mtoto anayekwenda IMO amechujwa nchini kwake kwanza, na alama zake za kila swali zinawekwa hadharani, mtu yeyote azione. Ile kampuni yetu ilichuja pochi.

Hapo ndipo ule ukurasa mkavu wa USACO unapoonyesha thamani yake. Hauna muhuri wala dhahabu. Una jina, nchi, mwaka, alama, na ukibonyeza utayaona maswali yenyewe na majaribio yake. Mwanafunzi wetu mmoja alipoomba ufadhili wa masomo, kwenye usaili alitaja vyote viwili, medali na daraja la Fedha. Medali wakaiandika tu, wakapita. Kwenye Fedha wakamwuliza alilipandaje, akaomba karatasi, akawachorea wale ng'ombe wamepangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa. Aliniambia muda wa usaili uliisha bado wanazungumza habari za Bessie.

Kasoro. Kubwa ni lugha. Maswali hupatikana kwa lugha zaidi ya moja, lakini Kiswahili sijawahi kukiona kwenye menyu. Mtoto wangu akishindwa Shaba, mara nyingi hajashindwa hesabu, ameshindwa aya ya pili. Kuna neno moja la Kiingereza la mfuatano unaoruhusiwa kuruka na jingine la mfululizo usioruka. Ukiyachanganya hayo mawili, saa zako nne umezitupa. Tumebandika ukutani karatasi ya manila yenye maneno 40 ya namna hiyo na maana zake kwa Kiswahili, na hilo limetupandishia watoto wengi kuliko somo lolote nililowahi kulitoa. Kasoro ya pili ni hii ya mzee: hakuna karatasi iliyotufikia. Kwa mtoto wa huku, ambaye mzazi wake hana pa kuingilia kwenye huo ukurasa, kutambuliwa mtandaoni ni kama kusifiwa kwa lugha ya kigeni.

Wengine wataniuliza kwa nini si Codeforces, ile tovuti ya mashindano ya kuandika programu. Tunaitumia pia, kwa mazoezi. Ni ya Warusi, haijali shule wala nchi, na kila mmoja ana rangi yake kulingana na alama. Watoto wanaipenda rangi kuliko chakula. Tena saa ya Moscow na saa yetu ni moja, jambo ambalo ni adimu kwenye mashindano ya nje. Mara nyingi raundi zao huanza saa 11:35 jioni. Bahati mbaya, kwetu saa 11:35 jioni ndiyo foleni ya ugali. Na maswali yake yana makali; anayeanza anaweza kutoka na sifuri mara tano mfululizo akaacha kabisa. Shaba ya USACO ni mlango mzuri zaidi kwa anayeanza.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano sijaizuia kwa sababu ya kambi. Watu wana haki ya kuchagua timu ya nchi yao, na walituambia kabla hatujaingia. Nimeizuia kwa sababu ya ile aya ya pili.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza msimu ujao: fungueni akaunti sasa, si usiku wa shindano, mwaka wa kuhitimu ujazeni kwa makini, fanyeni maswali ya zamani ya Shaba angalau kumi, yako yote pale bure pamoja na maelezo ya majibu, na tafuteni ndoo.

Mzee nilimtengenezea karatasi. Niliuchapa ule ukurasa, jina la mwanawe nikalipaka rangi ya njano, nikaambatanisha barua fupi ya shule inayoeleza daraja la Fedha ni nini, mkuu akagonga muhuri, steshenari wakaitia laminesheni kwa shilingi 1,500. Wiki iliyopita nilipita dukani kwake pale stendi, anauza spea za pikipiki. Kaibandika juu ya kalenda. Alikuwa anamweleza mteja aliyekuja kununua plagi kwamba hiyo TZA ni sisi, na kwamba huyo aliye juu yake kidogo ni Mchina, bado alama chache tu amfikie.